Nyumba za mapumziko shambani Handeni na Korogwe: Hesabu ianze na maji

Mwenye shamba Handeni au Korogwe anayefikiria kujenga nyumba za kupokea wageni wa mapumziko anashauriwa aanze hesabu yake na maji, mteremko na kivuli, kabla ya kuhesabu vyumba. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kama mtaji utarudi au utabaki umezikwa ardhini.

Wateja wanaweza kupatikana. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha inapita Mkata, Kabuku, Segera na Korogwe, mji ulio karibu kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Handeni nayo imeunganishwa kwa lami na Korogwe na Mkata. Hata hivyo, mgeni hasafiri umbali huo kufuata hoteli aliyoiacha mjini. Ananunua utulivu, hewa safi na chakula cha shambani. Mwekezaji anayesawazisha kilima kwa greda na kukata miti yote anaharibu bidhaa yake mwenyewe kabla ya kufungua duka.

Mfano uko wilaya jirani ya Lushoto. Shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, linapokea wageni na papo hapo linawauzia jibini, mkate na jemu zinazotengenezwa pale pale. Hapo shamba linalisha nyumba, na nyumba inalipatia shamba soko.

IDADI YA VYUMBA

Kosa la kawaida ni kupiga hesabu ya mwaka mzima. Vyumba vinne kwa siku 365 ni usiku 1,460 wa kuuza. Lakini wageni wa mapumziko huja zaidi mwisho wa wiki. Usiku mbili kwa wiki 52 ni usiku 416 kwa vyumba vyote vinne, na nusu yake ikijaa ni 208 tu. Gharama ya ujenzi ipimwe kwa hiyo 208. Ikiwa haibebeki, vyumba vipunguzwe au ujenzi uwe wa bei nafuu zaidi.

MAJI YA HANDENI

Handeni ni nchi kavu kuliko milima ya Usambara, na kiangazi ndicho kinachowapima wawekezaji. Tuseme wageni wanane wanatumia lita 100 kila mmoja kwa siku, siku mbili kwa wiki. Hizo ni lita 1,600 kwa wiki, au lita 27,200 kwa wiki 17 za kuanzia Juni hadi Septemba.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 150 za mraba likipata milimita 300 za masika linakusanya lita 45,000. Sehemu moja ya tano ikipotea, zinabaki lita 36,000. Maji hayo yanawatosha wageni na mtunzaji wa nyumba, lakini hayatoshi bustani wala mifugo. Tangi nalo lazima liwe na ukubwa wa kuyapokea.

Hapa ndipo ramani ya nyumba inapobadilika. Paa la nyasi au makuti linapendeza na lina ubaridi, ila maji yake huwa machafu, na hatari ya moto ni kubwa. Njia ya kati ni kuezeka baraza ya kupumzikia kwa nyasi, na vyumba, jiko na ghala kwa bati lenye mifereji ya kupeleka maji kwenye tangi. Bei ya bima ya paa la nyasi iulizwe kabla ya kuezeka.

MTEREMKO WA KOROGWE

Upande wa Korogwe, maeneo ya milimani kama Vugiri, Bungu na Ambangulu yana ubaridi na mashamba ya chai, lakini mvua hubeba udongo. Nyumba ndefu ifuate usawa wa mlima, juu ya msingi wa mawe, badala ya kuchimba ukuta mkubwa wa udongo ambao utaporomoka masika. Mitaro ya maji ioteshwe nyasi.

Bondeni, kando ya mto Pangani, kishawishi ni kujenga ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Anayepuuza anahatarisha jengo lote, kwa mafuriko au kwa amri ya kubomoa.

JUA NA VIFAA

Wilaya hizi ziko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua kali hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kuta ndefu na madirisha vielekee kaskazini na kusini, na miti iliyopo upande wa magharibi iachwe. Baraza pana, kama zile za nyumba za zamani za mameneja wa mashamba ya mkonge, hupunguza joto bila umeme.

Kwa kuta, tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono hazihitaji kuni za kuchomea. Udongo upimwe kwanza, kwani mfinyanzi mzito hupasuka. Milingoti ya mkonge ni myepesi, inafaa dari na kuta za ndani, si kubeba paa. Boriti na mbao zinunuliwe zenye kibali cha misitu, na msingi ukingwe dhidi ya mchwa.

ARDHI

Sehemu kubwa ya ardhi huko iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Maombi yapite halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na kumbukumbu za vikao zihifadhiwe. Aidha, njia za mifugo na visima vya jamii visifungwe kwa uzio, kwani ugomvi na majirani hufukuza wageni haraka kuliko barabara mbovu.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye mtaji mdogo atangulize hati, tangi, choo bora na chumba kimoja. Kiangazi kimoja kikipita bila tangi kukauka, ndipo ajenge cha pili.