Maswali Yasiyokaririka

Tarehe 29 Desemba 2016, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alitangaza matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yaliyowaacha Wakenya vinywa wazi. Kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000, ni 141 tu waliopata gredi ya A. Mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,600. Mapema 2016, bodi ya Baraza la Mitihani, KNEC, ilikuwa imevunjwa kwa sababu ya wizi wa mitihani ya 2015, na ulinzi wa karatasi ukakazwa.

Wengi walikata shauri papo hapo: A zimepungua baada ya wizi kuzibwa, kwa hiyo A za awali zilikuwa za wizi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, wapo waliohoji kama alama zilisawazishwa kwa njia ileile ya miaka ya nyuma. Ikiwa kipimo chenyewe kilibadilika, basi wizi peke yake hauelezi tofauti yote. Waliouliza hivyo waligusa mahali ambapo ushahidi na hitimisho havijaungana barabara, na hapo ndipo penye kiini cha maswali ya kufikiri kwa kina.

Kijana wa Nyacheki, wadi ya eneobunge la Bobasi katika Kaunti ya Kisii, hukutana na maswali hayo anapotafuta nafasi ya masomo ng'ambo. Mtihani wa SAT ni wa wanaoomba shahada ya kwanza Marekani, GMAT wa shahada za uzamili za biashara, na LSAT wa sheria. Sehemu ya lugha ya GMAT ina maswali 23 ya kujibiwa kwa dakika 45, yaani chini ya dakika mbili kwa swali. LSAT nayo iliondoa mafumbo ya mantiki Agosti 2024 na kuyapa maswali ya kupima hoja nafasi kubwa zaidi. Aliyezoea kukariri majibu ya karatasi zilizopita hukwama hapa, kwa kuwa kila swali huja na hoja yake mpya.

Bobasi ni eneo la majani chai, na kiwanda cha Nyamache kimo humo. Basi tuseme swali liwe hili: "Mwaka jana wakulima wa kiwanda kimoja cha chai walibadilisha mbolea. Mwaka huu bonasi yao kwa kila kilo imepanda. Kwa hiyo mbolea mpya ndiyo iliyopandisha bonasi. Ni jambo lipi, likiwa kweli, litadhoofisha zaidi hoja hii?"

A. Mbolea mpya ni ghali kuliko ya zamani.
B. Viwanda jirani, ambavyo wakulima wao hawakubadilisha mbolea, vimepandisha bonasi kwa kiwango kilekile.
C. Wakulima wengi wameridhika na mbolea mpya.
D. Wakulima wachache walichelewa kuipata mbolea hiyo.

Jibu ni B. Chai huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa, kwa hivyo bei ya mnada au thamani ya shilingi inaweza kuinua bonasi za viwanda vingi kwa pamoja, mbolea iwe ipi. A humvuta mkulima anayeumizwa na bei ya mbolea, lakini hoja haikuzungumzia gharama. C ni maoni tu. D inahusu watu wachache, na hitimisho linabaki limesimama.

Njia ya kulikabili swali la namna hii inafundishika. Mtahiniwa asome kwanza kinachoulizwa: kudhoofisha hoja, kuiimarisha, au kutaja kilichochukuliwa kuwa kweli bila kusemwa. Kisha atafute hitimisho, ambalo mara nyingi hufuata "kwa hiyo" au "basi", na autenge ushahidi. Kabla ya kutazama majibu, aseme kwa maneno yake ni nini kinachokosekana kati ya viwili hivyo. Akiulizwa kuhusu jambo lisilosemwa, akanushe kila jibu. Lile ambalo likikanushwa hoja inaanguka, ndilo. Maneno kama "wote", "baadhi" na "lazima" yasipitwe haraka, kwa maana majibu mengi ya mtego hujificha humo.

Mazoezi yaanze bila saa, muda ubanwe baadaye. Daftari la makosa lina faida kuliko rundo la maswali: mwanafunzi aandike kwa nini jibu baya lilimvutia, na baada ya muda ataona mtego unaomnasa mara kwa mara. Masomo ya SAT ya Khan Academy ni ya bure na hufunguka hata kwenye simu. Mitihani kamili ya majaribio katika programu ya Bluebook ni ya bure pia, ila huhitaji kompyuta au iPad. Waandaaji wa GMAT nao hutoa mitihani miwili ya majaribio bila malipo.

Nchini Kenya, mtaala wa umilisi tayari umeweka kufikiri kwa kina miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na mtihani wa kwanza wa Gredi ya 9, KJSEA, ulifanywa 2025. Walimu wa Bobasi wasingoje mwanafunzi afike kwenye SAT. Wachukue hoja moja ya gazetini kila wiki, waisome darasani, kisha wawaulize wanafunzi: ni habari gani, ikithibitishwa, itaiangusha?