"Taa Hiyo Izoee Tu, Mke Wangu!"

Kuna ugomvi wa pesa, kuna ugomvi wa mawifi, na kuna ugomvi ambao wewe uliyeko Dar es Salaam au Mombasa huwezi kuuota hata usiku: ugomvi wa matairi ya baridi. Waulize ndugu zetu walioko Canada, Marekani au Ujerumani. Ikifika Novemba tu, nyumba nyingi za wapendanao zinaingia kwenye mjadala huo. Mwezi huu nimeamua tuuongelee, maana ndani yake kuna swali linalotuhusu sote: hivi ni nani ndani ya nyumba anaamua hatari ipi ni ya kuizoea?

Dada yangu na mume wake wanaishi Montreal, jimbo la Quebec. Kule sheria haina msalie Mtume. Kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, gari lililosajiliwa jimboni lazima livae matairi ya baridi. Ukikamatwa bila hayo, faini ni kati ya dola 200 na 300. Na wala si mbwembwe. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, tairi la kawaida linaanza kukakamaa, wakati mpira wa tairi la baridi unabaki laini na kushika barabara.

Wengi hununua seti ya pili kamili, matairi na rimu zake, ili fundi asivue na kuvisha tairi kila msimu. Hapo ndipo balaa linapoanza. Magari mengi ya siku hizi yana kihisi cha upepo ndani ya kila gurudumu (mafundi wetu husema sensa, ila si ile ya kuhesabu watu). Kidude hicho kina betri yake ndogo, kinapima upepo na kutuma taarifa kwa redio hadi kwenye gari. Ukifunga rimu zisizo na vihisi, gari linakuwa kama mtu aliyezibwa masikio. Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, na inakaa hivyo msimu mzima.

Shemeji alinunua seti ya mtumba ya namna hiyo. Akaokoa pesa nzuri tu. Taa ilipowaka, kauli yake ikawa moja: "Taa hiyo izoee tu, mke wangu. Gari zima kabisa." Dada ni nesi, anatoka kazini alfajiri kukiwa bado giza. Akanipigia simu: "Mdogo wangu, shemeji yako anataka nizoee taa ya hatari. Siku hatari ikija kweli, nitajuaje?"

Nikaona hili si la kujibu kwa kupendelea ndugu. Nikakaa chini nikasoma.

Taa hii ilitoka wapi?

Mwaka 2000, matairi ya Firestone milioni 6.5 yalirudishwa nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya ajali zilizoua watu zaidi ya 200. Oktoba mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozaa taa yetu, na kufikia Septemba 2007 magari madogo yote mapya yanayouzwa kule yalitakiwa kuwa nayo. Umoja wa Ulaya ukafuata: tangu Novemba 2014, kila gari dogo jipya lazima liwe na mfumo huo.

Canada haijaulazimisha, kwa hiyo shemeji hajavunja sheria. Marekani mambo ni tofauti kidogo. Gereji hairuhusiwi kuua mfumo unaofanya kazi, ndiyo maana mafundi wengi wanakataa kukufungia rimu zisizo na vihisi. Lakini katazo hilo la shirikisho halimgusi mwenye gari anayejifungia mwenyewe nyumbani.

Wote wawili wana hoja

Shemeji yuko sahihi kwenye jambo moja: tairi halipasuki kwa sababu tu halina kihisi. Tena hata taa yenyewe si malaika. Kiwango cha Marekani kinaitaka iwake upepo ukiwa umepungua asilimia 25. Tairi linalotakiwa kuwa na 33 linaweza kushuka hadi karibu 25 ndipo taa iseme.

Na baridi ni mwizi wa upepo. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi linapoteza takriban pauni moja. Jaza 33 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20, kisha lilaze gari nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri: asubuhi utakuta kama 27, na hakuna aliyekutoboa.

Lakini dada ana hoja nzito zaidi. Taa inayowaka kila siku haisemi kitu. Tairi likipata msumari saa kumi na moja alfajiri, dashibodi itakuwa na sura ileile ya jana na juzi. Shemeji alipookoa pesa, alifuta mlinzi bila kuajiri mwingine. Na anayepita lindoni ni mke wake!

Mkae chini, mkubaliane

Kwanza, someni kitabu cha gari. Kuna magari yasiyo na kihisi ndani ya gurudumu. Yanatambua tairi lililopungua kwa sababu linazunguka haraka kuliko wenzake. Hayo yakibadilishwa matairi, mnajaza upepo sawasawa, mnaweka mfumo upya, basi.

Pili, kama gari linahitaji vihisi, ulizeni bei ya vinne pamoja na kufunga. Vipo vinavyoweza kunakili namba za vile vya zamani, gari likadhani ni walewale.

Tatu, mkiamua kuishi bila vihisi, ajirini mlinzi mpya: kipimo cha upepo cha mkononi na pampu ndogo ndani ya buti. Pimeni kila wiki, na kila baridi inapozidi ghafla, kabla gari halijatembea. Fuateni namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwani hiyo ni kikomo chake.

Nne, msibandike karatasi juu ya taa. Jamani!

Msimamo wangu ni huu. Kama wote wawili mnajua kupima na mnapima, pesa ya vihisi mnaweza kuipeleka kwingine. Ila kama mmoja ndiye anayeendesha usiku na mwenzake ndiye anayesema "izoee", basi nunueni vihisi. Uamuzi uwe wa yule atakayesimama peke yake kando ya barabara, kwenye theluji.

Kwa dada, shemeji amenunua kipimo na anapima kila Jumapili. Vihisi, ameahidi, ni msimu ujao. Dada kaiandika ahadi hiyo kwenye kalenda ya jikoni, kwa kalamu nyekundu.