Namba na Maandishi katika JavaScript

JavaScript ni lugha ya kompyuta iliyotungwa na Brendan Eich huko Marekani mwaka 1995. Zoezi letu la kwanza lilikuwa kujumlisha maksi za majaribio mawili. Lugha hii hutenga namba na maandishi, na maksi ziandikwazo katika kisanduku cha ukurasa hupokelewa kama maandishi. Kwa hiyo 40 na 35 huungwa zikawa 4035, wala si 75. Dawa yake ni kugeuza kila moja iwe namba kwanza, kwa agizo liitwalo Number. Jibu 4035 litachekesha. Lakini 4 na 5 zikitoa 45, nani atashtuka? Basi ndugu zangu, tulipime kila jibu, maana maksi za mtu ni haki yake.