Fizi Zikitoa Damu, Usiuache Mswaki

Ukifika Mabibo, Dar es Salaam, uliza soko la Mahakama ya Ndizi. Malori hushusha mikungu hapo, na wachuuzi huamka alfajiri kuiwahi. (Jina la Mabibo ni la tunda la mkorosho, lakini siku hizi ndizi ndizo zinazotawala.) Anayewahi soko husukutua maji mara moja akaondoka. Mkulima anayewahi shamba hufanya vivyo hivyo. Siku akipiga mswaki, anatema mate yenye damu. Anasema, "Mswaki huu mkali, umenichubua." Anauweka. Hapo ndipo anapokosea.

Damu hiyo inatoka wapi? Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu vingi mno. Huwezi kuviona kwa macho matupu. Mtu wa Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, aliviona mwaka 1683. Alichukua uchafu mweupe wa meno yake mwenyewe, akautazama kwa kioo cha kukuzia alichokitengeneza. Akaona vidudu vinatembea. Hakuwa daktari, alikuwa muuza vitambaa.

Vijidudu hivyo hushikamana na meno vikafanya utando laini. Utando huo ni ukoga. Pitisha ukucha kwenye jino asubuhi, utauona. Ukoga huondoka kwa mswaki. Lakini ukiachwa siku kadhaa, mambo hubadilika. Mate yetu yana madini ya chokaa. Madini hayo huingia katika ukoga, nao ukawa mgumu kama saruji. Sasa huo ni ugaga. Umeona gamba jeupe ndani ya birika la chai, mahali penye maji ya chumvi? Ni jambo la namna hiyo. Ugaga hupenda kukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu. Hapo ndipo mate yanapomiminikia.

Je, ugaga ndio unaoumiza fizi? Si wenyewe hasa. Ugaga ni nyumba. Una mikwaruzo, kwa hiyo ukoga mpya hushika juu yake kwa urahisi. Vijidudu vya ukoga huo hutoa sumu. Mwili hupeleka damu nyingi kupigana navyo. Ufizi huvimba, huwa mwekundu, na ukiguswa hutoa damu.

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake walilipima jambo hili huko Denmark. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno. Katika siku 10 hadi 21, fizi za wote zilivimba. Walipoanza tena kusafisha, zilipona kwa muda wa wiki moja hivi.

Lakini ukiendelea kuacha, ufizi huachana na jino. Vijidudu huingia chini na mfupa wa taya huliwa. Mfupa huo haurudi wenyewe. Jino hulegea. Na ubaya wake, hauumi sana. Jino lililotoboka litakukesha, bali ugonjwa wa fizi hunyamaza miaka mingi. Watu husema ni uzee. Uzee haung'oi meno! Wavuta sigara na wenye kisukari hupatwa zaidi.

Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki wa mti unafaa, ukiutafuna ncha mpaka iwe laini. Usitumie mchanga. Sugua taratibu pale jino linapokutana na ufizi, na nyuma pia.

Ugaga hautoki kwa mswaki. Usiukwangue kwa kisu wala sindano. Nenda hospitali ya wilaya, umwulize mganga wa meno. Muhimbili imekuwa ikifundisha madaktari wa meno tangu mwaka 1979. Wengine huogopa kwamba kukwanguliwa kunalegeza meno. Siyo kweli. Ugaga ulikuwa umeziba mapengo. Ukitolewa, ulimi huyahisi, na maji baridi huweza kukuchoma kwa siku chache. Hali hiyo hupita.