Vita vya gemu na deni la kibanda

Juzi nilipita Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira. Kijana mwenye kibanda cha gemu akaniambia atakopa kwenye chama anunue PlayStation 5, kwani jirani kainunua na wateja wamehamia huko.

Nikamtajia Sega ya Japani. Ilitoa Dreamcast mwaka 1998, ikashusha bei kushindana na Sony, hasara ikazidi, na 2001 ikaacha kutengeneza mashine. Kampuni kubwa huweza kuuza mashine kwa hasara, ikafidia kwenye gemu. Mwenye kibanda hulipwa kwa mechi tu, atafidia wapi?

Ndugu yangu, piga hesabu kwanza: mechi ngapi zitamaliza deni kabla mashine mpya haijatoka? Mwiga ndovu hupasuka msamba.