Wapagazi wa Maua

Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora, na Wanyamwezi walisifiwa sana kwa kazi ya upagazi. Misafara hiyo imekwisha, lakini wako wapagazi wengine wasioacha kazi. Hao ni wadudu, na mzigo wao ni chavua, yaani unga wa manjano ulio ndani ya maua.

Jina la Mtendeni lakumbusha mtende, mti upendwao na Waarabu. Mitende iko midume na mijike. Katika nchi ya Omani mkulima hukwea mtende jike na kutia vishada vya maua ya dume kati ya maua yake. Asipofanya hivyo, atavuna tende chache mno.

Mboga nao una maua dume na maua jike, ila yote hutoka katika mmea mmoja. Ua jike hujulikana kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Chavua yake ni nzito, tena hunata, hata upepo hauwezi kuichukua. Lakini mkulima wa maboga halazimiki kufanya kazi ile ya Omani, kwa sababu nyuki huja asubuhi na mapema kunywa mbochi, yaani maji matamu ya ua, na hiyo ndiyo posho yao.

Jambo hili laweza kujaribiwa katika bustani ya shule. Jioni wanafunzi watafute maua jike matatu yatakayochanua kesho yake. La kwanza liachwe wazi. La pili na la tatu yafungwe kwa vifuko vya kitambaa chepesi. Asubuhi la tatu lifunguliwe, lipakwe chavua ya ua dume, kisha lifungwe tena. Baada ya siku chache la pili litageuka manjano na kuanguka. La tatu litakua, kwa kuwa mkono wa mtu umefanya kazi ya nyuki. Na lile la kwanza? Likianguka, yafaa kuuliza kama wapagazi walifika.

Tena, si kila mzigo huchukuliwa na nyuki wa asali. Maua ya mwembe hutembelewa sana na nzi. Maua ya mpapai hutembelewa wakati wa magharibi na nondo wakubwa warukao upesi, ambao viwavi wao hula majani ya porini. Wako na nyuki wasiokaa mzingani, wachimbao vishimo katika udongo au kutoboa mti mkavu. Kwa hiyo bustani iliyofyekwa hata ukingoni yapendeza macho, bali yawanyima wadudu hao makao. Yafaa pembe moja iachwe na majani ya porini, udongo mtupu na gogo kavu; tena zipandwe mbaazi na alizeti pamoja na maboga, ili maua yasikatike upesi.

Wazee wa Unyamwezi walitundika mizinga ya magome na magogo katika miombo, wakapata asali na nta. Pale miti ikatwapo kwa kukaushia tumbaku, au msitu uchomwapo moto ovyo, maua hupungua na nyuki huhama. Hasara yake haionekani siku ile mti uangukapo. Huonekana wakati wa mavuno, mkulima akutapo majani mengi shambani, na maboga hakuna.