Kolwezi: Salongo, neno la zamani linaloshikisha watu fagio hadi leo

Mjini Kolwezi, neno moja linatosha kumtoa mkaaji nyumbani na fagio mkononi: Salongo. Mtoto wa shule analielewa, na mzee aliyefanya kazi Gécamines analielewa vilevile. Siku ikitangazwa, watu wa komini za Dilala na Manika wanafagia mbele ya nyumba, wanazibua mifereji na kuokota sashe.

Salongo ilianza katika miaka ya 1970, wakati inchi ilipoitwa Zaïre. Utawala wa Mobutu uliwalazimisha wananchi kufanya kazi ya pamoja bila malipo: kufagia, kulima, kutengeneza njia. Wazee wengi wanakumbuka jasho hilo pamoja na woga wa kuadhibiwa. Mobutu alianguka Mei 1997, na jina la inchi likabadilishwa. Lakini Salongo ikabaki. Goma, Bukavu au Lubumbashi, kiongozi anayetaka mji usafishwe hatafuti neno jipya.

Nguvu ya neno hili ni kwamba ni fupi, na halimtukani mtu. Halisemi nani ni mchafu. Linaita wote kwenye kazi moja. Kinshasa nayo ilipoanzisha kampeni yake mwaka 2019, iliiita Kin Bopeto, kwa Kilingala cha kila siku: bopeto ni usafi.

Hata mbali na Afrika, matangazo ya usafi yanayodumu yana tabia hiyo. Huko Marekani, jimbo la Texas lilianza mwaka 1986 kurusha kwenye televisheni tangazo lenye maana ya "Usichezee Texas". Halikuwahubiria vijana waliotupa makopo barabarani. Liligusa fahari yao ya kuzaliwa pale. Mpaka leo wanalitumia.

Kolwezi ina sababu ya kujali. Tangu iwe makao makuu ya Lualaba mwaka 2015, watu wameendelea kumiminika kutafuta maisha kwenye shaba na kobalti, na takataka zimeongezeka nao. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa dekreti ya Desemba 2017, lakini sokoni mama bado anafungiwa unga na chumvi ndani ya sashe. Mvua ikinyesha, sashe hizo zinaziba mifereji, maji machafu yanaingia nyumbani, na kipindupindu kinapata njia.

Tena kuna swali ambalo fagio halijibu. Baada ya Salongo, marundo yanabaki kando ya barabara. Gari lisipokuja kuyabeba, mvua ya kwanza inayarudisha ndani ya mfereji uleule, na Jumamosi inayofuata mkaaji anaokota sashe zilezile. Mwishoni anachoka.

Tangu miaka ya 1970, neno limefanya kazi yake: limewatoa watu nyumbani. Kupeleka takataka jaani ni kazi ya wale wanaolitangaza.